Moto Usioombwa

Hadi leo, mtu akitikisa kiberiti karibu nami kusikiliza kama kuna njiti ndani, mwili unanisisimka. Watoto wangu hunicheka. Wao kiberiti wanakitupa kikiwa bado na njiti mbili tatu, na jiko la gesi wanaliwasha kwa kubonyeza. Mimi nikisikia ule mchakacho mdogo wa njiti chache ndani ya boksi, narudi Sigino, pembeni mwa mji wa Babati, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati nchi nzima ilipoishiwa na kila kitu kwa mpigo mmoja.

Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Chai tulikunywa kavu, kwa adabu, bila kuiulizia sukari. Siku moja mimi na mama tulipanga foleni mjini tangu alfajiri, mbele ya duka la ushirika, kwa kuwa mtu alisema kuna gari limeleta vitu. Kweli lilikuwa limeleta. Tulirudi nyumbani mchana na kopo la rangi ya viatu, na kwetu hakuwepo hata mmoja mwenye viatu. Mama alicheka njia nzima, lakini tulipofika alikaa kizingitini akiligeuzageuza lile kopo.

Kilichotutesa kuliko vyote ni kiberiti. Njiti moja ilipasuliwa kwa wembe ikawa mbili, na mama alikuwa fundi wa kazi hiyo, mkono wake hautetemeki. Viberiti vilipokwisha kabisa, watu walirudia njia ya zamani. Usiku ulifukia makaa ndani ya majivu na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, asubuhi ukafukua. Moto ukizimika, ulikwenda kuomba. Ukiona moshi juu ya nyumba moja, basi watoto wa nyumba zilizozimikiwa walikuwa njiani kwenda kule, kila mmoja na kigae cha chungu mkononi. Unapiga hodi, unaamkia, unaulizwa habari za kwenu, unawekewa makaa mawili matatu na majivu ya moto juu yake, unarudi mbio huku ukipuliza. Mtu angeweza kukunyima chumvi, hata maji kama ulimuudhi sana, lakini moto haukunyimwa. Isipokuwa moto wa babu yangu.

Babu mzaa baba aliishi peke yake katika tembe ya udongo, ng'ambo ya uwanja wetu. Katikati ya uwanja lilikaa jiwe kubwa la kusagia lililopasuka, na hilo ndilo lilikuwa mpaka. Sisi hatukulivuka kwenda kwake, naye hakulivuka kuja kwetu. Alijipikia mwenyewe. Mama akiwa amepika kitu kizuri, nilitumwa kukiacha juu ya jiwe ndani ya kibuyu chake, kisha nirudi nyuma ndipo aje akichukue. Tulimwamkia kwa mbali, akaitikia kwa mbali. Moto wake sikuwahi kusikia umezimika, kwa sababu mzee hakuwa na kazi nyingine iliyobaki ila kuutunza, na hakuna mtu niliyemwona akitoka kwake na kigae.

Majirani zetu walikuwa Wakristo, Wakatoliki kwa Walutheri, na Jumapili waliimba vizuri mno. Jumatatu hadi Jumamosi walipita mbali na nyumba ya Babu. Hawakumsema vibaya. Walipomtaja walishusha sauti tu, kisha wakahamia kwenye habari za mahindi. Mama yangu ndiye aliyemsema. Yeye alikulia jirani na misheni, akafundishwa na masista, na mambo yote ya aina hiyo aliyaita ushenzi. Kwa maoni yake mkwewe alikuwa mzee mwenye kiburi na uchoyo, aliyejitenga ili asisaidie mtu. Alimpikia kwa heshima, si kwa mapenzi, na tofauti hiyo niliiona hata katika namna alivyofunika kibuyu.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa bonde la Kiru, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza kwa nini Babu yuko vile, alisema ni mambo ya zamani, ya vita vya Mjerumani, na kwamba nisiwe na maswali mengi kuliko kazi. Basi nikaacha kuuliza. Nadhani hata yeye wakati huo alijua kwa sehemu tu.

Nilikuwa darasa la nne mwalimu wetu alipoanza kutufundisha vita hivyo. Chaki zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alitutoa nje akachora ramani chini kwa kijiti. Huku koloni la Mwingereza, huku la Mjerumani, majirani waliogombana kwao Ulaya wakaja kuumalizia ugomvi kwetu. Akatugawa, nusu wasimame upande huu na nusu upande ule. Mimi niliangukia kwa Mjerumani. Akatueleza kwamba jeshi la Mwingereza, lililojaa Makaburu wenye farasi, lilitoka Arusha likapita huku huku kwetu, chini ya mlima Ufiome, likashuka hadi Kondoa, na Mjerumani akaja kulizuia huko. Wiki kadhaa walipigana kwenye vilima vya Kondoa, mvua za masika zikiwanyeshea wote. Tuliambiwa tukariri sababu za vita na matokeo ya vita, kwani ndivyo huulizwa kwenye mtihani. Kisha kengele ikagongwa, tukaifuta Afrika Mashariki kwa miguu tukakimbilia nyumbani.

Jioni nilipeleka boga kwenye jiwe. Nilikuwa bado na furaha ya somo, nikamwambia Babu kwamba leo tumefundishwa vita vya Kondoa na mimi nilikuwa Mjerumani. Alikuwa ameinama kuchukua kibuyu, akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Amewaambia nani alibeba?" akauliza.

Nikamwambia hapana, ametuambia nani alishinda. Akakaa chini upande wake wa jiwe, nami nikakaa wangu, na kwa mara ya kwanza Babu akazungumza nami maneno mengi kuliko kuitikia shikamoo.

Alisema walikuwa ndugu wawili, yeye na kaka yake Lohay. Mjerumani ndiye alikuja kwanza. Alichukua ng'ombe, akachukua mahindi, kisha akachukua vijana wa kuyabeba hayo mahindi, na Lohay alikuwa mmoja wao. Waliondoka kuelekea kusini. Haikupita miezi mingi, Makaburu wakashuka na farasi wao. Babu hakuwahi kuona farasi, akaenda kuchungulia kama vijana wengine, na waliokwenda kuchungulia wote wakakamatwa wakabebeshwa mizigo. Aliposema hivyo alicheka kidogo, mimi pia nikacheka, kwa sababu nilidhani ndio mwisho wa hadithi.

Njia ilikuwa matope. Farasi walikufa kila siku, wakaachwa pale walipoangukia, na harufu yao ikatangulia mbele na kufuata nyuma. Walipokufa farasi, mizigo yao iliongezwa juu ya watu. Wabebaji nao walikufa, kwa kuhara na kwa baridi, na hawa walisogezwa pembeni ya njia ili wasizuie mikokoteni. Babu alibeba maboksi ya mbao yenye vipini vya kamba, watu wawili kwa boksi moja, mazito kuliko ukubwa wake. Hakujua ni nini. Walipofika Kondoa alijua, kwa maana aliwaona askari wakiyafungua kando ya mizinga.

Mjerumani alikuwa kwenye vilima vya upande wa pili. Alikuwa na mzinga mmoja mkubwa uliotolewa kwenye meli ya vita, ukavutwa na watu kutoka pwani hadi pale. Mateka mmoja, kijana wa kutoka Mbulu, alimwambia Babu kwamba wavutaji wa mwisho wa mzinga ule walikuwa watu wa kwao, na Lohay yumo, analala nyuma yake pamoja na wenzake. Kuanzia siku hiyo Babu aliusubiri mzinga ule. Ukilia, watu wote walijitupa chini, na yeye pia alijitupa, lakini moyoni alisema, yupo. Kisha alipigiwa kelele ainuke, akachukua boksi lake na mwenzake, akalipeleka kwenye mizinga iliyokuwa ikiujibu ule. Ukikataa ulichapwa kiboko, ukikimbia ulipigwa risasi. Alibeba.

Asubuhi moja mzinga wa Mjerumani haukulia. Haukulia mchana, wala jioni, wala kesho yake. Wenzake Babu walifurahi, wakapika.

Hapo aliinuka akachukua boga lake. Nilimuuliza Lohay alirudi lini. Akasema giza linaingia, nirudi kwa mama yangu. Mimi nilirudi nikiwa nimefurahi kwamba nina hadithi ya kuwashinda wenzangu shuleni, na kwa muda wa wiki nzima niliisimulia hasa sehemu ya farasi.

Masika ya mwaka huo yalikuja kwa hasira. Nyasi za paa letu zilikuwa zimeoza, na bati lilikuwa jambo la kusikia tu. Mdogo wangu Danieli, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alianza kukohoa. Baada ya siku chache alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zikiingia ndani, macho yamemtoka. Mama alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati kwa miguu, akarudi na maneno matupu. Dawa zilikuwa zimekwisha na gari la kuleta nyingine limekwama barabarani. Alichoambiwa ni kwamba mtoto asipatwe na baridi, apewe uji wa moto mara kwa mara, na maji ya moto awekewe karibu avute mvuke. Yaani alichoambiwa ni moto.

Mchana wa siku iliyofuata, mama akiwa amemkumbatia Danieli kitandani, mvua ilitoboa paa juu ya jiko. Hatukuisikia. Nilipokwenda kuchochea nilikuta majivu yanaelea. Mama alifukua kwa vidole hadi chini kabisa, hakuna kilichokuwa hai. Kiberiti kilikuwa kitupu tangu mwezi uliopita. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Mama Safari, lakini ilikuwa ng'ambo ya korongo, na korongo lilikuwa linanguruma kwa maji. Ng'ambo ya uwanja, juu ya tembe ya Babu, moshi ulikuwa unapanda polepole kwenye mvua.

Mama alichukua kigae. Alinipa Danieli nimshike, lakini nilimfuata hadi mlangoni naye kifuani, kwa hiyo niliona yote. Alikwenda hadi kwenye jiwe, akasimama, na akapiga magoti kwenye matope. Sikuwahi kumwona mama akimpigia mtu magoti.

"Baba, naomba moto."

Babu alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Wangu hautoki," akasema.

"Mtoto anakufa kwa baridi, Baba."

"Ndiyo maana hautoki."

Mama aliinuka. Alimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii baba mkwe, nami siyarudii hapa, ila la mwisho lilikuwa kwamba Mungu amnyime moto na huko aendako, akose hata wa jehanamu. Babu aliingia ndani, akatoka na fimbo yake na gunia la kujifunika kichwa, akatupita bila kututazama, akashuka kuelekea korongoni. Mama alitema mate. Alidhani mzee anakimbia asisikie kilio cha mtoto, na mimi nilidhani hivyo hivyo.

Niliyoyajua baadaye kwa Mama Safari ni haya. Babu alifika ukingoni akaanza kumwita. Mvua na maji vilimeza sauti yake, akaendelea kuita, mzee wa umri ule ambaye hakuwa amepaza sauti kwa miaka. Mchana wote aliita. Mama Safari alipotoka hatimaye, alimwona amesimama ndani ya maji hadi magotini, akionyesha kwa fimbo mahali ambapo mtu anaweza kukanyaga. Alimwambia apeleke moto kwa Mama Paskalina, maana Paskalina ni mimi, kwamba mtoto ni mgonjwa. Mama Safari akauliza kwa nini asichukue yeye mwenyewe, ampe kigae hapo hapo. Akasema mkono wake usiuguse.

Jioni ikikaribia, Mama Safari aliingia kwetu amelowa hadi kifuani, kigae kichwani kimefunikwa kwa kigae kingine. Mama aliwasha, akapika uji, akachemsha maji. Danieli alikunywa vijiko vichache. Usiku ule alipata joto na nilimsikia akiguna kwa sauti yake ya kawaida, nikalala nikiamini mambo yamekwisha. Alikufa keshokutwa yake asubuhi, jua limetoka na ndege wanapiga kelele.

Nimewahi kuulizwa kama moto ungefika mapema angepona. Sijui. Mama aliamini angepona, na siku ile mimi pia niliamini. Tulimchukia Babu kwa moyo mmoja.

Katekista alikuja akasali, majirani wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, wakazika, kisha wakaondoka wote. Hapa lazima niwaeleze desturi moja ya kwetu. Nyumba iliyopotelewa na mtoto mchanga ilikaa kando ya watu kwa miezi. Wazee waliuita utengo huo metimani. Iliaminika kwamba kifo kimeishika nyumba ile na kinaweza kuhamia kwa jirani kupitia sahani, maji, salamu ya mkono, na zaidi ya vyote kupitia moto. Miezi ilihesabiwa kuanzia siku ya mazishi. Ikitimia, wazee walikuja kuwanyoa na kuwaosha wafiwa kwa maji ya majani, na mtu alirudi kati ya watu. Haikuwa chuki. Mama Safari, yule aliyeyavuka maji kwa ajili yetu, alitusalimia kutoka njiani, mbali, huku analia, akaacha unga juu ya kisiki, akaenda zake. Mama aliyeyaita yote hayo ushenzi aliyakuta yamekaa mlangoni kwake.

Baba alikuwa hajapata habari, barabara ya Kiru imekatika. Tulibaki wawili. Mama alilala ameelekea ukutani na hakuchochea kitu, na mimi sikujua kufukia makaa vizuri. Asubuhi ya pili baada ya mazishi moto ulikuwa umekufa tena, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumwomba. Nilikaa mlangoni nikitafuna mahindi mabichi.

Nikamwona Babu anakuja. Alifika kwenye jiwe, akasimama, kisha akalizunguka akaingia upande wetu. Alikuwa amebeba kigae kwa mikono miwili, kinatoa moshi. Niliogopa nikamwita mama. Mama akaja akasimama juu yangu, kanga imemlegea, nywele hazijafungwa.

"Mama Paskalina, nimeleta moto," Babu akasema.

"Juzi ulikuwa wapi moto huo?"

"Juzi mlikuwa na mtoto."

Mama alinyoosha mkono, nami nikajua anataka kukipiga kile kigae kimwagike matopeni. Haukufika. Babu alikuwa ameanza kuzungumza, kwa Kiiraqw cha wazee, taratibu, macho yake yako kwenye makaa. Nilisikia jina la Lohay, nikasikia mzinga, maboksi, Kondoa. Mengine yalinipita, na baba ndiye aliyeniambia nikiwa mtu mzima.

Aliporudi kutoka vitani, Babu aliwasimulia wazee kila kitu, maana hakujua kusema uongo. Wazee walikaa, wakasema huenda mikono yake ndiyo iliyobeba kifo cha ndugu yake. Akae kando hadi ijulikane Lohay alizikwa wapi na lini. Siku hiyo ikijulikana, miezi itahesabiwa, atatolewa. Habari haikuja. Hakukuwa na siku ya mazishi, kwa hiyo hesabu haikuweza kuanza, na isiyoanza haiishi. Wale wazee wakafa mmoja mmoja, na hakubaki wa kumfungua. Alioa mwanamke wa Kirangi ambaye watu wake hawakuwa na mwiko huo, akala naye kwenye moto mmoja, na watoto wao wakafa wachanga mfululizo. Baba yangu alipona kwa sababu bibi alimchukua akiwa mdogo akaenda kumlea kwao, akarudi naye akiwa kijana, wakakaa kwa moto wao wenyewe. Baada ya hapo Babu hakuhitaji mtu wa kumwambia kilichomo ndani ya moto wake. Huyo ndiye mzee ambaye mama alimpigia magoti akiwa na mtoto mgonjwa.

Alipomaliza, mama alikaa chini palepale mlangoni. Kisha akakipokea kile kigae, akakipeleka jikoni, akapuliza. Alipika ugali, akachuma mboga za boga, akatenga sahani moja tu. Tukakaa watatu. Babu hakujua afanye nini na mkono wake. Alikuwa hajala sahani moja na mtu tangu bibi alipoondoka na mtoto, akawa anausogeza mkono na kuurudisha, hadi mama akamkatia tonge akamwekea kiganjani kama anavyofanyiwa mtoto anayeanza kula. Sikupenda kuona hivyo. Nilikuwa bado na hasira naye, na nilikula upande wangu haraka.

Baba alifika, akalia kaburini, akaingia nasi katika ule utengo. Miezi ilikwenda. Kila asubuhi Babu aliota jua upande wetu wa jiwe. Siku ya kutolewa ilipofika, wazee walikuja na wembe na maji ya majani, wakakaa uwanjani, wakamwita mama aje anyolewe kwanza.

Mama hakuketi. "Anzeni na Baba," akasema.

Mzee aliyeongoza alimweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba la Baba haliwezekani. Halina siku ya kuhesabia. Hakuna ajuaye nduguye alizikwa lini, wala kama alizikwa.

"Mimi nimezika," mama akasema. "Siku mnaijua na kaburi lile pale. Hesabuni kutoka hapo."

"Pale umemzika mwanao, si Lohay."

"Mlazeni na Lohay pale. Nafasi ipo."

Baba alikuwa anamtazama mama kama hajapata kumwona. Wazee waliinuka wakaenda pembeni, wakazungumza kwa muda mrefu, mmoja akawa anakataa kwa mikono. Waliporudi, yule aliyeongoza alikwenda moja kwa moja kwa Babu na kumwambia aketi. Wakamnyoa, wakamwosha, wakampeleka nyuma ya nyumba, wakasema kaburini maneno ya kumlaza mtu mzima. Kisha wakatunyoa sisi. Nilimwona Babu anatetemeka, nikadhani ni maji ya baridi.

Mama Safari alikuwa wa kwanza kwenda kwa Babu kuomba moto, kesho yake, na mpaka leo naamini nyumbani kwake mwenyewe moto ulikuwa unawaka. Mzee alimchotea makaa mengi kupita kiasi, akamsindikiza hadi korongoni. Hakuvuna nasi mavuno yaliyofuata.

Lakini jambo lililonisumbua kwa miaka ni jingine. Tangu siku ile, kila mama alipopita nyuma ya nyumba kwenda kuchuma mboga, alisimama kaburini akasema, "Shikamoo." Mama mzima, anamwamkia mtoto ambaye hata kutambaa hakuwa amejua vizuri. Niliona aibu. Nilidhani uchungu umemvuruga akili, nikawa nawazuia wenzangu wasipite kule wakamsikia. Nilimaliza shule, nikaolewa mjini Babati, nikazaa mwenyewe, ndipo siku moja baba akaniambia yote, na nikaelewa mama alikuwa anamsalimia nani. Alikuwa amemfukuzia mkwewe vita vile nje ya uwanja kwa kumpa kitu pekee alichobakiwa nacho cha mwanawe, nafasi yake ya kulala.

Mama naye amekwisha kwenda. Nikifika Sigino naung'olea majani ule mchanga wa kaburi, nasimama, naamkia kwanza, "Shikamoo, Babu Lohay." Nangoja kidogo, kama adabu inavyotaka kwa mkubwa. Kisha nainama namsalimia mdogo wangu.